Miraba 23 imebaki kwenye kava la viraka: jibu langu kwa dada aliyeuliza

Dada yangu, pole na hongera kwa pamoja. Umesema umemaliza kava la viraka la kitanda cha futi 6 kwa 6, vitenge na khanga mchanganyiko, na sasa umebakiwa na miraba 23 usiyojua uipeleke wapi. Mingine imepishana vipimo, mmoja umeingiwa na rangi nyekundu, na mzee wa nyumba anauliza ule mfuko utakaa pembeni ya kabati mpaka lini. Mchangiaji mmoja amekwambia uifanye matambara ya kufutia meza. Mwingine kasema unganisha yote, upate kava la pili bila gharama. Mimi nashona makava haya hapa Tabata tangu 2011, kwa cherehani ya miguu, na kwa heshima zote naomba niwapinge wote wawili.

Mraba uliobaki umebaki kwa sababu, na hiyo sababu ndiyo itakayokuambia uufanyie nini. Itandaze yote sakafuni mchana, pazia likiwa wazi, kisha upite mmoja mmoja. Kuna ile iliyobaki kwa kuwa ulikata mingi kuliko ulivyohitaji, na hilo hutupata wengi. Kava la inchi 84 kila upande linataka miraba 49 ya inchi 12, saba kwa saba, lakini kitenge cha yadi 6 ukikipanga vizuri kinatoa 51 ya inchi 12 na nusu, nusu ile ikiwa ya mshono. Ukiwa na vitenge vitatu mezani, mkono hausimami. Miraba ya namna hii ni mizima, haina tatizo lolote. Kuna ya majaribio, uliyoshona kuona rangi zinakaaje. Halafu kuna ile ambayo moyo wako ulijua ina kasoro ukaiweka kando kimyakimya: umepinda, umepungua, umechuja. Ukiyarundika makundi haya pamoja, kasoro ya miraba mitatu inaingia kwenye ile 20 mizima.

Nasema hivi kwa sababu yalishanikuta. Mwaka 2014 nilikuwa na miraba kama 30 ya kazi mbalimbali. Nikaiunga yote, nikatia bitana, nikamuuzia mama mmoja wa Kinondoni aliyelipenda sana. Alifua mara moja tu akalirudisha. Lilikuwa limejikunja vimakunyanzi kama ngozi ya pasheni iliyokaa wiki mbili, mistari ya mishono imepinda, kona moja imepanda juu. Nilimrudishia pesa yake yote na usiku ule nikakaa nalifumua ili nielewe. Nikakuta baadhi ya vitenge, ambavyo muuzaji aliniapia kuwa ni pamba tupu, vilikuwa poliesta. Pamba ikifuliwa inarudi, poliesta hairudi. Ukivishona ubavu kwa ubavu bila kufua kwanza, kimoja kinamvuta mwenzake.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kujua kila mraba ni wa kitambaa gani. Chomoa uzi mmoja pembeni mwa mraba, ushike kwa kibano, uuchome kwa kiberiti juu ya sahani ya bati. Uzi wa pamba unaungua kama karatasi, unanuka karatasi, na majivu yake yanasagika vidoleni. Poliesta inayeyuka, inajikunja, inanuka plastiki na kuacha kidonge kigumu cheusi. Weka alama ya chaki nyuma ya kila mraba: P kwa pamba, L kwa poliesta. Hii ya poliesta usiitupe, ila iwe na kazi yake peke yake, na kamwe usiitumie kwa vishikio vya sufuria. Sufuria ya moto itaiyeyusha mkononi mwa mtu.

Ile ya pamba, kama hukuifua kabla ya kukata, ifue sasa. Ipige kwanza mshono wa zigizaga ukingoni isichomoke nyuzi, uiloweke, uianike kivulini, uipige pasi ndipo uipime. Najua inauma kufua kitu ambacho tayari kimekatwa, lakini bora kirudi sasa kuliko kurudi kikiwa juu ya kitanda cha mtu.

Ule mraba ulioingiwa na nyekundu: usiupige pasi! Joto linaibana rangi ndani. Uloweke usiku kucha kwenye maji mengi ya uvuguvugu yenye sabuni ya maji, na maji yakigeuka waridi uyamwage uweke mengine. Chumvi na siki tulivyofundishwa na mama zetu havizuii rangi za kiwandani kuchuja, usipoteze navyo muda. Na jiki itakula maua ya khanga kabla haijala doa. Kisha umtafute mkosaji mwenyewe. Lowesha kona ya kila mraba mwekundu na wa buluu iliyokolea, ukandamize kwa kitambaa cheupe. Mraba utakaokipaka rangi uweke peke yake mpaka utulie.

Sasa vipimo. Wengi hukata yote ifuate ule mdogo kuliko wote, na mimi sipendi, kwa sababu unapoteza ncha za nyota na mapetali ya maua uliyoyashona kwa shida. Mimi naizungushia fremu. Nakata vipande vyembamba vya upana wa inchi 2 kutoka kitambaa kimoja kisicho na maua, nashona pande zote nne za kila mraba kwa mshono wa robo inchi, halafu ndipo nakata. Mraba wenye inchi 11 na robo tatu unatoka na 14 na robo tatu. Wenye 12 na nusu unatoka na 15 na nusu. Yote miwili naipunguza kwenye fremu mpaka 14 na nusu, na ikishaungwa kila mmoja unasimama inchi 14 kamili. Anayetazama haoni kuwa iliwahi kupishana, na wewe hujagusa hata ua moja.

Kwa fremu chagua kitambaa cha marekani. Ni ngumu kidogo, haichuji, bei yake inavumilika, na ule weupe wake wa maziwa unatuliza vitenge vinavyogombana. Kitambaa hiki kimebeba jina la nchi tangu karne ya 19, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walipokuwa wakikileta Unguja. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sultani ni wa 1833. Bafta nyeupe mimi siitumii kwenye kitu cha kulalia. Ni nyepesi mno, na kuna wazee wakiiona kitandani wanakumbuka sanda, nami sitaki mtu alale akiwa na wazo hilo.

Hapa lazima nizungumzie khanga, maana umesema baadhi ya miraba yako ni khanga za bibi yako. Khanga si kitenge. Ina pindo, ina mji wa katikati, ina jina, yaani yale maneno yake, na ukiikata ovyo unakata maneno ya mtu. Mwaka 2017 dada mmoja aliniletea doti 11 za mama yake aliyefariki, nimshonee makava mawili, lake na la mdogo wake. Nilifanya kazi safi, nikabaki na miraba 7. Alipokuja kuchukua nikamkabidhi na ile 7, kwa sababu mabaki ya khanga za marehemu si yangu. Akawa anaipitia mmoja mmoja, polepole. Akafika kwenye mmoja wa kijani, mkukuu, pindo lake la korosho limefifia karibu liwe nyeupe, na chini yake pamesomeka MWENYEJI APONE. Akautazama muda mrefu. Akauweka puani. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mgeni njoo iko wapi?"

Ilikuwa kwenye gunia la chakavu. Niliikata kwa kuwa ilikuwa inaharibu mpango wa maua. Tulilimwaga gunia lote sakafuni, yeye na mimi, tukapekua vipande kama saa nzima, na tukaipata imejikunja ndani ya mguu wa suruali ya mtu mwingine. Nikaiunga palepale, mshono ukapita katikati ya NJOO na MWENYEJI, kwa mkono, uzi wa kijani uleule. Ikawa foronya ya mto wa sufi. Aliondoka ameukumbatia, na yale makava mawili niliyoyahangaikia mwezi mzima akayabeba kwenye rambo. Tangu siku ile khanga ya marehemu siikati kabla sijalisoma jina lote kwa sauti mbele ya mwenye nayo, na tukakubaliana liende wapi.

Kwa hiyo ya bibi yako itoe kwanza kwenye hesabu ya mabaki. Tafuta kama majina yametimia. Kama ni miraba miwili mitatu, ishone foronya, umpe mama au shangazi yako. Usiichanganye na ya sokoni.

Kama yote 23 ingekuwa ya sokoni ningeigawa hivi; ukishatoa ya bibi, punguza hesabu ipasavyo. Chukua 9 iliyo bora ya pamba, tatu kwa tatu, kwa fremu ile utapata inchi 42 kila upande, saizi nzuri ya mtoto mchanga. Katikati usiweke pamba nene ya kujazia, joto la Dar la Januari litamchemsha mtoto. Weka shuka kuukuu laini, nyuma weka khanga nzima, piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, tabaka zote tatu kwanza zisihame, ndipo uzishone pamoja. Bandi wengi wanairuka. Usiiruke, ndiyo inayozuia kitambaa cha chini kukunjika bila wewe kukiona.

Mingine 6, miwili kwa mitatu, inakupa inchi 28 kwa 42, na hicho ni kipimo cha mswala. Nimeshona ya namna hii mingi kila Ramadhani inapokaribia na haikai dukani. Chagua yenye maua na majani tu. Yenye picha za ndege, wanyama au sura za watu iache, na mraba wenye maneno ya dini usiuweke mahali pa kukanyaga wala kukalia. Mteja hatakuambia. Ataangalia tu, atarudisha na kuondoka.

Minne kwenye mstari mmoja ni kitambaa cha katikati ya meza. Miwili ni mkoba, mbele na nyuma, hapo ndipo weka ile ya poliesta kwa sababu haifuliwi mara kwa mara na inastahimili mvua. Zinabaki 2. Hizo ziweke kwenye bahasha pamoja na karatasi yenye tarehe na kipimo, za kukarabatia kava lako kubwa. Miaka mitano ijayo litachanika mahali, au cheche ya pasi ya mkaa itatoboa tundu siku umeme umekatika, na kitenge kile hutakipata tena Kariakoo nzima. Nimezunguka Mtaa wa Uhuru siku mbili nikitafuta kitenge kimoja cha 2013. Hakipo.

Aliyesema unganisha yote upate kava la pili, naelewa anakotoka, na si kwamba haiwezekani. Wanawake wa Gee's Bend kule Alabama waliunga nguo za kazi zilizochakaa bila kujali kama pembe zimenyooka, na mwaka 2002 kazi zao zikaoneshwa kwenye jumba la makumbusho la Houston. Lakini ukizitazama vizuri utaona mtu alichagua. Ameweka buluu iliyopauka kando ya kahawia kwa makusudi, akaacha mstari upinde palepale alipotaka. Kuunga mabaki kwa ajili ya kumaliza mfuko ni kitu kingine kabisa, na kitambaa kinaonyesha.

Vile vijipande utakavyovikata kwenye fremu pia usitupe. Wasiddi wa Karnataka, India, ambao asili yao ni huku kwetu Afrika, wana kava lao linaloitwa kawandi: wanaanzia ukingoni, wanapachika kipande juu ya kipande kwa mkono wakizunguka kuelekea katikati, bila mraba hata mmoja, na kwenye kona nne wanaweka pembetatu za kitambaa kilichokunjwa. Mimi nimeanza langu mwezi wa pili, jioni nikisubiri chakula kiive. Nimefika mzunguko wa nne.

Sasa nakuomba jambo moja. Leo jioni pima yote 23, uandike hapa namba tu, ndogo kuliko zote na kubwa kuliko zote, na ngapi zimetoka P na ngapi L. Na ule wenye nyekundu upige picha kabla hujauloweka, mbele na nyuma. Kama rangi haijatokea upande wa pili, unaokoleka.