Nauguza mama mkwe, sala zimekauka mdomoni

*Shikamoo Shangazi. Naishi Moshi, Majengo. Namuuguza mama mkwe aliyepigwa kiharusi, huu mwaka wa pili. Usiku naamka kumgeuza, mchana niko dukani. Nimefunga siku saba nikiomba nguvu, nikazidi kulia hovyo. Jumuiya wananiambia imani imepungua. Je, Mungu ameniacha?*

Marahaba mwanangu. Kwanza acha kufunga. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda, kwa hiyo wewe muda wote huu hujapata usingizi wa kueleweka. Ukiongeza njaa, kichwa kinauma, hasira ziko karibu, machozi yanakuja yenyewe. Imani haihusiki hapo.

Soma 1 Wafalme 19. Nabii Eliya amejilaza chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, anaomba afe. Malaika hamkemei wala hamhubirii. Anamgusa, anamwambia ale. Eliya anakula mkate, anakunywa maji, analala tena, anaamshwa ale mara ya pili. Sauti ya Mungu kwenye mlima Horebu inakuja baada ya hapo. Hao wanaokupima imani wameruka mwanzo wa sura.

Jumuiya ukiwaambia "mniombee", wataomba kweli, kisha wataaga. Waombe kitu chenye siku na saa: watu wawili, kila Jumamosi, saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana. Mpe mwenyekiti ombi hilo kwa maandishi, apange zamu. Wakifika waonyeshe mara moja tu: mto mmoja mgongoni, mwingine katikati ya magoti, visigino visigandamizwe na godoro, na wakague nyonga na kiuno kama ngozi imebadilika rangi au ina joto. Kisha nenda ukalale. Ukibaki kuwachemshia chai, zamu yako ya kupumzika imekwisha.

Usiku ni wa familia. Mumeo na wifi zako ndio waliozaliwa na huyo mama. Kaeni kikao ana kwa ana, mgawane, nawe upate angalau siku mbili kwa wiki za kulala chumba kingine mpaka asubuhi. Asiyeweza kuja achangie mshahara wa msaidizi.

Kuhusu sala, chukua Zaburi ya 88, uisome kwa sauti. Ni kilio mwanzo hadi mwisho, inaishia gizani, na bado ni sala. Siku ukishindwa hata hiyo, Baba Yetu inatosha. Mchungaji mwombe miadi ya siku ya kazi, si pale mlangoni baada ya ibada, na umwambie mapema kwamba unataka akusikilize kwanza.

Hospitali pia uende. Kama huzuni au kukosa hamu ya chochote kumekaa nawe karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hiyo yaweza kuwa sonona, na Mawenzi na KCMC wanaitibu. Waambie wapime na wingi wa damu, kwani upungufu wake nao huchosha hivyo hivyo. Yakikujia mawazo ya kujiua, usisubiri miadi: mwambie mtu wa karibu, akupeleke leo leo.

Ukiandikiwa dawa za sonona, jua kwamba huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Wengi huzitupa wiki ya kwanza wakisema hazisaidii. Usiache bila kuongea na daktari, hata kama umeombewa ukajisikia nafuu.