Chunusi na tyubu ya daktari: maswali yenu

Shikamoo daktari. Nimeandikiwa tretinoin ya asilimia 0.025. Wiki ya tatu sasa, chunusi zinazidi. Niache? (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba, mwanangu. Usiache. Dawa hii ni ya ukoo wa vitamini A. Inazibua vinyweleo, na zile zilizojificha chini hutoka kwanza. Subiri wiki 8 hadi 12 ndipo uihukumu. Ila uso ukivimba au kutoa maji, rudi kwa aliyekuandikia. Halafu unapaka kiasi gani? Punje moja ya njegere inatosha uso mzima, usiku, ngozi ikiwa kavu. Wengi mnaisiliba kama siagi kwenye mkate, kisha mnalalamika imewaunguza. Ikikukausha, paka usiku mmoja, ruka mmoja.

Naweza kupaka asubuhi?

Hapana. Mwanga unaiharibu, na ngozi inayoitumia huungua upesi. Asubuhi ni losheni ya kukinga jua, hata kama kuna mawingu.

Taulo na foronya zangu zimetoka madoa meupe. Nimerogwa?

Ni benzoyl peroxide, dawa nyingine ya kupaka ya chunusi, dada yangu. Inapausha nguo. Nunua foronya nyeupe.

Jirani kapewa krimu dukani, chunusi zimeisha kwa siku nne na kawa mweupe. Nitajie jina lake.

Sitaji. Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka, na bado kila wiki linakuja na jirani mpya. Krimu inayomaliza chunusi kwa siku nne na kukung'arisha juu yake, nadra ikose steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe wa ngozi. Geuza boksi, usome maandishi madogo: betamethasone, clobetasol. Hizo si dawa za chunusi.

Mama mmoja alinifungulia pindo la kanga, akatoa tyubu iliyokamuliwa na kukunjwa kama chapati, jina limefutika. Mashavuni vishipa vyekundu vimechora ramani, na vinyweleo vimeota hadi karibu na sikio. Alikuwa ameipaka miaka miwili, maana kila akiacha, chunusi zilirudi na wenzao. Huo ndio mtego wenyewe. Na yule muuza duka anayekupimia krimu kwenye kikopo kisicho na maandishi, huo ni mkorogo, hata akiuita dawa ya hospitali.

Nina mimba ya miezi miwili na bado napaka tretinoin.

Acha leo, na umweleze mkunga kliniki. Kinachopenya kwenye damu ni kidogo, kwa hiyo usikose usingizi. Lakini vidonge vya chunusi vya isotretinoin ni habari nyingine kabisa: vinaharibu kiumbe tumboni. Ninyi mnaogawiana vidonge hivyo hosteli kama peremende, nawaona.

Nikipona naacha?

Chunusi zina tabia ya kurudi. Muulize daktari wako namna ya kupunguza. Usiamue mwenyewe mbele ya kioo.

Dawa ya meno je? Na limau?

Hapana. Limau kamulia samaki.