Maswali ya meno: kijiko kinachopiga shoti mdomoni

Daktari shikamoo. Nikila kwa kijiko cha aluminiamu napigwa shoti upande wa kushoto. Cha stenlesi hakinifanyi kitu. Jirani anasema nimetupiwa kitu. (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Hujatupiwa kitu. Simama mbele ya kioo, panua mdomo, utazame magego ya kushoto. Nadhani utakuta jino lililozibwa kwa kitu cha rangi ya fedha iliyofifia. Hiyo ni amalgamu: karibu nusu yake ni zebaki, inayobaki ni hasa fedha, bati na shaba. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya mate, ambayo yana chumvi, tayari ni betri. Aluminiamu huachia elektroni upesi, amalgamu huzipokea, na neva ya jino ndiyo inayolipa. Ukila cha ukwaju au ndimu, mambo huzidi.

Mgonjwa wangu mmoja alitafuna kipande cha foili kilichoganda kwenye paja la kuku. Alikuja ameshika shavu, machozi yakimlengalenga, akitaka jino ling'olewe siku hiyohiyo. Jino lilikuwa zima kabisa, limezibwa wiki moja nyuma. Jino lililozibwa karibuni hupiga zaidi, kisha hupoa lenyewe amalgamu ikishafanya utando juu. Lisipopoa, rudi kwa aliyekuziba.

Tena si jambo geni. Miaka ya 1750 Sulzer, mwanafalsafa wa Uswisi aliyekuwa Berlin, aliweka risasi na fedha ulimini, zikigusana, akapata ladha kali ambayo kila metali peke yake haikuwa nayo. Hakutambua kuwa ni umeme. Baadaye Alessandro Volta wa Italia akaonja hivyohivyo kwa bati na fedha, na mwaka 1800 akatangaza betri yake: sahani za metali mbili zilizopangwa kwa zamu, katikati vitu vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Wewe chumvi unayo kwenye mate.

Basi nitoe amalgamu zote?

Hapana! Nimelijibu hili mara nyingi, na bado watu wananijia wakiwa na mashimo waliyochimbiwa vichochoroni na mtu mwenye koleo na ndoo ya maji. Amalgamu iliyo nzima, isiyovuja pembeni, iache ilivyo. Kuichimba ndiko kunakotoa mvuke wa zebaki kwa wingi. Badilisha kijiko, ni rahisi kuliko kubadilisha jino.

Sijawahi kuziba jino, vijiko vyangu ni vya stenlesi, lakini ulimi unachonyota kutwa, hata nisipokula.

Kijiko hakihusiki hapo. Ulimi wa namna hiyo unaweza kuwa unasema damu imepungukiwa vitamini B12 au madini ya chuma, au kuna kisukari, au fangasi mdomoni. Anayetumia metformini, dawa ya kisukari, miaka mingi amwambie daktari wake, maana dawa hiyo hushusha B12. Kapime damu. Tafadhali usianze kumeza vidonge ulivyoelekezwa na muuza duka, vinaficha ugonjwa tu.

Nikikoroga mchuzi kwenye jiko la umeme kwa kijiko cha chuma nasikia ganzi mkononi, na nikionja inafika ulimini.

Acha kulitumia leo. Hili si la meno, lakini siwezi kulipita. Hiyo siyo betri ya mdomoni, ambayo haifiki hata volti mbili. Huo ni umeme wa ukutani, volti 230, unavuja kwenye bodi ya jiko, na yaelekea waya wa ethi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, haupo au umekatika. Zima ukutani kwanza, ndipo uchomoe, mkono mkavu, ndala miguuni. Umwite fundi umeme mwenye leseni, usimwite kijana wa jirani anayejua kuunga nyaya. Sakafu ya jikoni ikilowa, ganzi hiyo inaua.

Mwanangu anapima betri za redio kwa ulimi. Kuna ubaya?

Mkataze. Hizo za redio hazitamuunguza, ila anajizoesha kuweka betri mdomoni, na ninachokiogopa ni zile bapa za saa na rimoti. Ikinasa kooni, umeme wake huunguza umio ndani ya saa mbili, mtoto akiwa bado anacheza. Ukihisi amemeza, mkimbize hospitali kubwa yenye eksirei. Usimtapishe, wala usisubiri itoke chooni.