Gari Likae Bondeni, Baiskeli Zipande: Hispania ya Vijijini kwa Gari-Nyumba

Juzi tumeandikiwa na msomaji aliyeko Birmingham. Ameshanunua gari-nyumba la mita saba, ana baiskeli mbili za umeme, tiketi ya meli hadi Santander, bandari ya kaskazini mwa Hispania, ameshalipia, na sasa anauliza apite barabara ipi avione vijiji. Njia tutamtajia. Lakini ndugu yetu ameruka maswali mawili yanayotangulia: uzito na umeme. Kila mwaka tunapata barua za watu walioruka hayo hayo, na hutuandikia wakiwa wamekwama tayari. Kwa hiyo leo tunaanzia hapo, na asiyependa hesabu avumilie.

Anza na mizani. Leseni ya kawaida ya daraja B inaishia kilo 3,500, na magari-nyumba mengi yamesajiliwa kwa kikomo hicho hicho cha uzito. Gari la aina hiyo huweza kubakiwa na kilo 350 hivi za mizigo, na kwa kawaida hesabu ya kiwandani inamchukua dereva mmoja wa kilo 75 na maji kidogo tu, si tangi zima. Ukijaza tangi la lita 100, kilo 80 zimekwenda. Abiria wa pili ni 75 nyingine. Baiskeli mbili za kilo 25 kila moja na keria ya kilo 15 ya kuzibeba nyuma ya gari ni 65. Hapo hujapakia sufuria, nguo, viti wala mchele, na umebakiwa na kilo 130. Lipeleke gari mizani likiwa limepakiwa kama siku ya safari, watu wakiwa ndani, upime ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Jumla ikiwa sawa si lazima ekseli ziwe sawa.

Sababu ni kwamba keria inaning'inia nyuma kabisa, ikafanya kazi ya mtaimbo: inakandamiza ekseli ya nyuma na kuinyanyua ya mbele. Chukua gari lenye mita 4 kati ya ekseli, na keria iliyo mita 2.5 nyuma ya ekseli ya nyuma. Zile kilo 65 zinaiongezea ekseli ya nyuma kilo 105, na ya mbele inapoteza 40. Magari mengi ya aina hii huendeshwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo kwenye nyasi mbichi au mteremko wa changarawe yatazunguka bure bila kusogea. Dawa yake ni ndogo ndogo: toa betri za baiskeli (karibu kilo 3 kila moja) uziweke ndani, chini, karibu na katikati ya gari, baiskeli nzito ikae upande wa ukuta, safiri na nusu tangi la maji, ujaze unapofika. Kama gari lina stoo nyuma, pima mlango wake kabla ya kununua keria, huenda baiskeli zikaingia humo. Hendeli za baiskeli nyingi za umeme ziko juu kidogo ya mita moja, na kiti hushushwa.

Keria nyingi za ukutani zina kikomo cha kilo 50 au 60. Soma kibandiko, usimwamini muuzaji. Unapopakia, ingiza baiskeli kwenye mfereji wake, kaza mishipi ya matairi kwanza, kisha ule mkono unaoshika fremu. Kabla ya kuukaza, pitisha kidole nyuma yake: kukiwa na bomba la breki ya mafuta limebanwa, utalijua barabarani wakati breki haishiki. Zungusha pedali ya baiskeli ya ndani isiguse fremu ya nje, weka kitambaa pale zinapokaribiana, na ondoa kioo cha kompyuta ya baiskeli. Ukisafiri kilomita 50 za kwanza simama ukaze tena, maana matuta ya vijiji vya Hispania hulegeza kila kitu.

Mzigo unaotokeza nyuma lazima uwe na kibao cha V-20: mraba wa sentimita 50 kwa 50, mistari ya mshazari nyekundu na nyeupe inayong'aa. Kikifungwa kwenye baiskeli ya nje kwa kamba moja kitapeperuka na kukatika. Funga pembe zote nne. Baiskeli zikiziba taa au namba ya gari, unahitaji ubao wa taa wenye namba iliyorudiwa.

Sasa umeme. Hapa ndipo safari nyingi za siku kumi zinapogeuka kuwa safari za kutafuta soketi.

Betri ya kawaida ya baiskeli ina wati-saa 500. Ukirudi na asilimia 20 kwenye baiskeli mbili, unadaiwa wati-saa 800. Ongeza kinachopotea kwenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) na chaja, unafika karibu 1,000. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 ndani ya gari ina takriban wati-saa 1,280, kwa hiyo inatosha, ikibakiza kidogo cha taa na pampu ya maji. Betri ya asidi ya ukubwa huo huo haitakiwi kushuka chini ya nusu. Ina wati-saa 600 za kutumia, yaani baiskeli moja tu. Anayekwambia zinatosha mbili hajawahi kuamka na friji imezima.

Chaja ya ampea 4 hula wati 170 hivi. Mbili kwa pamoja ni karibu 350, na hizo huwezi kuzipitisha kwenye soketi ya kiwashio cha sigara. Fyuzi itakatika dakika ya kwanza. Funga inveta ya wimbi safi ya wati 600 moja kwa moja kwenye betri, kwa kebo ya milimita za mraba 16 isiyozidi mita moja na nusu, na fyuzi ya ampea 80 karibu na betri. Zile inveta za bei rahisi za wimbi la ngazi huzichemsha chaja, na nyingine huziua.

Chaji mchana, usichaji usiku. Paneli ya sola ya wati 200 iliyolala juu ya paa hutoa karibu wati-saa 1,000 siku nzuri ya kiangazi, lakini majira ya baridi hata nusu hufiki. Kilicho bora zaidi ni chaja ya ampea 30 inayochukua umeme wa injini: ikifanya kazi inatoa karibu kile kile ambacho chaja mbili za baiskeli zinakula, kwa hiyo saa tatu za barabarani zinajaza sehemu kubwa ya deni bila kuigusa akiba ya betri ya ndani ya gari. Ukiingia kwenye kambi za kulipia, nyingi hutoa ampea 6 au 10. Ampea 6 ni wati 1,380 tu. Birika la chai la wati 2,000 linakata umeme papo hapo, tena mara nyingi swichi imefungiwa kwenye sanduku ambalo ufunguo wake anao mwenye kambi, naye kalala. Betri iliyotoka juani iache ipoe nusu saa kabla ya kuchaji, na usiichaji chini ya nyuzi 0. Usifikiri Hispania haina baridi: mikoa ya Teruel na Soria maji huganda.

Gesi nayo ni hivyo hivyo. Butani huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi 0, kwa hiyo majira ya baridi chukua propani. Mwenye tangi la kujaza mwenyewe atafute vituo vyenye maandishi GLP na awe na kichwa cha kuunganishia kinachotumika Hispania.

Kulala. Mwongozo wa mamlaka ya trafiki ya Hispania, DGT, unatofautisha kuegesha na kupiga kambi. Gari lililoegeshwa kihalali linagusa ardhi kwa matairi tu, halijafungua turubai la kivuli wala dirisha la kusukumia nje, halijatoa viti, halimwagi maji. Ukiwa ndani umelala au unapika ugali, hilo si kosa. Ukitoa kiti kimoja nje, umepiga kambi. Ufukweni sheria ya pwani ya 1988 ni kali zaidi, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kukaa bara. Mbuga za hifadhi na halmashauri zina vibao vyao, visome.

Kijijini usiingie na gari. Mitaa ya kale ya Olvera, Albarracín au Morella ilijengwa kwa punda, na GPS ya simu haijui kwamba una upana wa mita 2.3 bila vioo. Egesha chini, karibu na uwanja wa michezo au ule wa sherehe za kijiji, unaoandikwa *recinto ferial*, kisha panda kwa baiskeli. Mtu na baiskeli yake wakiwa na kilo 115, kupanda mita 300 za wima hula takriban wati-saa 80 hadi 120, kutegemea unavyosukuma pedali. Ni sehemu ndogo ya betri. Injini ya baiskeli isizidi wati 250, na msaada ukatike kwa kilomita 25 kwa saa; zaidi ya hapo kisheria si baiskeli tena. Nje ya mji kofia ngumu ni lazima.

Njia, kama tulivyoahidi: zitafute zinazoitwa *Vías Verdes*, reli za zamani zilizogeuzwa kuwa njia za baiskeli tangu 1993. Treni haipandi mlima mkali, kwa hiyo betri haichoki. Ya kuanzia ni Vía Verde de la Sierra, kilomita 36 kati ya Puerto Serrano na Olvera, yenye mahandaki 30, kwenye reli ambayo haikuwahi kupitisha treni ya abiria. Anzia Puerto Serrano. Olvera iko juu, kwa hiyo unapanda betri ikiwa imejaa na unarudi ukiteremka. Wanaofanya kinyume huishiwa betri kilomita za mwisho, jua likiwa kali, njia ikipanda. Kwa kwenda na kurudi tenga wati-saa 6 kwa kilomita kwenye msaada wa chini kabisa, yaani kama 430. Beba taa yako, usitegemee za handaki. Ukifika kwenye jabali la Zaframagón simama uwatazame tai mizoga. Mwenye siku nyingi aende Vía Verde del Aceite, kilomita 128 katikati ya mizeituni kutoka Jaén hadi Puente Genil.

Halafu kuna mbigiri. Ndiyo, hiyo hiyo ya kwetu inayochoma miguu ya watoto. Hispania huiita *abrojo*, na kuanzia mwisho wa kiangazi imejaa kando ya njia za changarawe. Weka maji ya kuzibia kwenye tyubu, mililita 60 hadi 100 kila moja, kabla ya safari. Ukiuona mwiba, uchomoe, zungusha tairi ile sehemu iwe chini, subiri, jaza upepo. Tundu lisipozibika, na injini ikiwa kwenye gurudumu la nyuma, usikimbilie kulifungua: kuna kiunganishi cha waya, nati za 18 na washa zenye upande wake. Zima umeme, laza baiskeli, vua tairi upande mmoja, vuta kipande cha tyubu kilichotoboka, sugua, paka solusheni, bandika. Mafundi wa chini ya mwembe hufanya hivyo kila siku. Kabla ya kurudisha, pitisha vidole ndani ya tairi lote taratibu. Mwiba wa pili huwa umebaki humo.

Mbwa wakubwa wa kondoo, *mastín*, hulinda kundi, hawafukuzi baiskeli kwa kujifurahisha. Shuka, weka baiskeli kati yako naye, tembea polepole ukizunguka kundi kwa mbali. Kuanzia Oktoba hadi Februari ukikuta kibao chenye neno *batida* au *montería*, geuza: kuna wawindaji na risasi.

Aprili hadi mwanzo wa Juni, na Septemba hadi Oktoba, ndiyo miezi yenyewe. Julai na Agosti Andalucía, mkoa wa kusini, mbali na pwani hupita nyuzi 40, na Agosti ndiyo mwezi wa sherehe, ule uwanja uliotegemea kuegesha una pembea na jukwaa. Maduka hufungwa kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja, na Jumapili kutwa. Nunua mkate asubuhi. Bomba la kijiji lenye maandishi *no potable* si la kunywa, ni la kuogea.

Na kabla ya kulala uwanjani, zunguka na tochi uangalie nguzo zote. Ukiona neno *mercadillo*, yaani gulio, na siku ya kesho, hama jioni hiyo hiyo. Wachuuzi hupanga meza kabla hakujapambazuka, na gari la mita saba likishazungukwa na viatu na machungwa halitoki hadi saa nane mchana.