Meru au Lengai kwa siku nne

Mkuu, kama wewe na mshikaji wako mna siku nne tu na mnataka mlima wa volkano mkitokea Arusha, mi nasema Meru. Mita 4,566, mnalala vibanda vya Miriakamba kisha Saddle, na askari wa TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) anatembea na nyie na bunduki maana nyati kule chini wamejaa. Lengai (Ol Doinyo Lengai, volkano nyingine) ni mfupi, mita 2,962, ila usidanganyike, mnaanza kupanda usiku wa manane kukwepa jua, maji hakuna, ni jivu na mteremko mkali unapiga hatua unarudi nusu, na kushuka ndo magoti yanalia. Raha yake ni kwenda kuoga maporomoko ya Ngaresero, karibu na Ziwa Natron, baadaye. Mkiikomalia Lengai bebeni glovu, mawe yanakata.