Kuwaombea wasio wa dhehebu letu

Dada yangu wa Kisumu, umeuliza kama wewe, uliyelelewa kwa Wakwekeri (Kanisa la Marafiki) wa Kaimosi na kuolewa katika nyumba ya Wakatoliki, unakosea kuwaombea Wakopti, yaani Wakristo wa kanisa la kale la Misri, ilhali akina mama wa jumuiya yenu wamekuambia kwamba hao si wenzetu.

Hukosei hata kidogo. Mwezi wa Februari 2015 wanaume 21 waliuawa ufuoni Libya kwa sababu ya imani yao; 20 walikuwa Wakopti wa Misri na mmoja alikuwa Mghana, na mwaka 2023 Papa Francis aliwaingiza wote katika orodha ya wafia dini wa Kanisa Katoliki, ingawa hawakuwa Wakatoliki. Waeleze akina mama hao jambo hili kwa upole, maana nadhani hawalijui. Wakumbushe pia shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, ambapo vijana wetu walitengwa na kuuawa kwa kuwa Wakristo, si kwa kuwa wa dhehebu hili au lile.

Mimi huandika jina la nchi moja kwenye kipande cha karatasi na kukibandika kwenye kopo la majani ya chai, ili kila alfajiri, maji yakichemka, niwataje waumini wa huko. Mume wako akishika rozari nawe ukisali kwa ukimya kama ulivyofundishwa nyumbani, hakuna anayemzuia mwenzake. Ila picha za maiti zinazosambazwa kwenye WhatsApp, tafadhali usizitume kwa mtu.