Pitisha kiganja kwenye tairi kabla hujaamua kuziba au kununua

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nalitazama tairi la mbele kushoto kila asubuhi na roho inatulia. Kashata, yaani ile michongo ya mpira usoni mwa tairi, zipo, upepo upo, ubavuni hakuna mchubuko. Siku likapata pancha nikafunga la akiba, na lile bovu nikalinyanyua kwa mikono miwili kulitia kwenye buti. Vidole vya mkono mmoja vikagusa kitu kikali. Nikalilaza chini, nikaligeuza. Upande wa nje ulikuwa mzima kabisa. Upande wa ndani, ule unaotazama uvungu wa gari, ulikuwa umelika mpaka nyuzi za waya zinachungulia, nyembamba kama nywele, zimeshaanza kushika kutu. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimetoka safari ndefu kwenye mvua, watoto wamelala kiti cha nyuma.

Tangu hapo macho peke yake hayanitoshi. Lazima mkono upite.

Ninavyofanya ni hivi. Naegesha gari mahali tambarare, nazima injini, navuta breki ya mkono, halafu nazungusha usukani mpaka mwisho upande mmoja ili uso wa tairi la mbele ujitokeze nje. Naweka kiganja juu ya tairi na kukipitisha polepole kutoka nje kwenda ndani, kisha nakirudisha. Kama nina wasiwasi kwamba waya zimeshatokeza, navaa glavu. Tairi la nyuma haligeuki, kwa hiyo nachuchumaa na tochi na kuingiza mkono kwa ndani. Dakika tano zinatosha kwa gari zima.

Mkono unajua mambo mengi. Ukikuta katikati pamelika kuliko pembeni, umekuwa ukijaza upepo kupita kiasi. Zikilika pembe zote mbili na katikati kukabaki, upepo umekuwa mdogo kwa muda mrefu. Upande mmoja tu, kama langu, hapo tafuta alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu. Na ukihisi mabonde mabonde kuzunguka tairi, kama umepapasa barabara iliyoharibika, mara nyingi shokapu zimechoka. Fundi aliyenifungia tairi jipya aliniambia, "Kaka, ukiondoka hapa bila kupima alaimenti, hili nalo litaliwa vilevile." Nilipima, na kweli gurudumu lilikuwa limeyumba. Nadhani lilipigwa kwenye shimo fulani ambalo hata silikumbuki.

Sasa kina cha kashata. Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha kama milimita 8. Sheria za nchi nyingi, zikiwemo za Umoja wa Ulaya, zinakataza kuendesha gari dogo kina kikishuka chini ya milimita 1.6. Huhitaji hata kifaa kuijua mipaka hiyo: chini kabisa ya mifereji mikuu ya tairi kuna vidaraja vidogo vya mpira vinavyokatiza mfereji. Ukitaka kuviona haraka, tafuta begani mwa tairi, pale uso unapokutana na ubavu, alama ndogo ya pembetatu au herufi TWI, kisha fuata mstari wake mpaka kwenye mfereji. Kashata zikilingana na vidaraja hivyo, tairi limekwisha. Kama una kipimo cha kina, pima sehemu tatu za upana, nje, katikati na ndani, halafu sogea na kupima tena sehemu nyingine za mzunguko. Namba ya kuamulia ni ile ndogo kuliko zote, wala usipige wastani. Langu lingepimwa upande wa nje tu, lingepasi.

Mimi kwa upande wangu sisubiri 1.6. Likifika milimita 3 naanza kutenga pesa, na msimu wa mvua ukikaribia nabadilisha. Mifereji ile ipo kwa ajili ya maji. Sehemu ya tairi inayogusa barabara haizidi sana ukubwa wa kiganja, na kwenye barabara iliyolowa, kiganja hicho kinapaswa kuyasukuma maji yote pembeni ili mpira ushike lami. Mifereji ikiwa mifupi na mwendo ukiwa mkubwa, maji yanakosa pa kwenda, yanajikusanya mbele ya tairi, mwishowe tairi linapanda juu yake. Utaujua wakati huo kwa usukani: unakuwa mwepesi ghafla, ukiukata gari haliitikii. Yakikukuta, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani umenyooka, usikanyage breki kwa nguvu mpaka uhisi tairi limeshika tena.

Tuje kwenye pancha, maana hapa ndipo watu wengi tunapoamua kwa haraka, tumesimama kando ya barabara na fundi keshashika koleo. Swali langu la kwanza ni mahali tundu lilipo. Likiwa katikati ya uso wa tairi, kwenye kashata, linazibika. Likiwa begani au ubavuni, halizibiki, hata fundi akuapie. Ubavu unajikunja na kujikunjua kila mzunguko, na hakuna kiraka kitakachotulia hapo. Swali la pili ni ukubwa: tundu la msumari wa kawaida halina shida, lakini kipenyo kikipita milimita 6 hivi, kwa gari dogo tairi hilo ni la kuachana nalo.

La tatu ndilo watu hawaulizi: baada ya upepo kutoka, uliendesha umbali gani? Tairi lililotembea bila upepo huliwa kwa ndani na uzito wa gari, na kwa nje linaweza kuonekana zima. Ndiyo maana namwomba fundi alitoe kwenye rimu kabla ya kuziba, hata akinung'unika. Tukikuta unga mweusi wa mpira umejaa ndani, au mstari wa mikunjo umezunguka ubavu wote, hapo hakuna cha kuziba. Niliwahi kuona unga huo, ungejaza vijiko viwili, umetoka kwenye tairi ambalo mwenyewe alikuwa ameleta kuziba tundu dogo la sindano.

Ule uzi wa mpira wenye gundi unaochomekwa kutoka nje utakufikisha nyumbani, na ninao mmoja garini. Sihesabu kuwa ni matengenezo. Kiraka kinachobandikwa kwa ndani, chenye mkia unaojaza tundu mpaka nje, ndicho ninachokiamini, kwa sababu kinazuia upepo kutoka na pia kinazuia maji kuingia na kuozesha waya. Msumari ulioingia katikati ya tairi langu la nyuma ulizibwa hivyo, na tairi likatumika mpaka kashata zikaisha zenyewe.

Ukiona nundu ubavuni, usiulize bei ya kuziba. Nyuzi za ndani zimekatika, mara nyingi baada ya kugonga ukingo wa shimo, na upepo unazuiwa na mpira mtupu. Badilisha siku hiyohiyo.

Umri nao uangalie. Kwenye ubavu kuna namba zinazoanza na herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira unakauka hata gari likiwa limelala, na nyufa ndogondogo kati ya kashata zinakuambia hivyo. Kuanzia miaka mitano nakagua kwa ukali zaidi, na miaka kumi sivuki hata kama kashata zimejaa. Tairi la akiba ndilo linalotudanganya hapa, kwa sababu kashata zake huwa mpya siku zote.

Ukiamua kununua, nunua mawili ya ekseli moja ikiwezekana, na yafungwe nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Hili watu hubishana nalo sana. Sababu yake ni kwamba mbele pakiteleza, ukiondoa mguu kwenye mafuta tairi hushika tena na usukani unakurudia. Nyuma pakiteleza, gari linajizungusha na wengi wetu hatuwezi kulirudisha. Gari linalovuta magurudumu yote manne lina masharti yake: tofauti kubwa ya kina kati ya matairi inaweza kuumiza gia, kwa hiyo soma kitabu cha gari kwanza. Na upepo ujaze kwa namba iliyo kwenye kibandiko cha mlangoni, asubuhi tairi likiwa baridi. Ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe.

Lile tairi langu la waya, nilipolifikisha kwa fundi, jamaa mmoja aliyekuwa pale aliniomba nimwachie. Alisema atatafuta mtu wa kulichonga kashata, liuzwe. Kuchonga hufanywa kwenye matairi ya malori yaliyotengenezwa kwa mpira wa ziada kwa kazi hiyo. Tairi la gari dogo likichongwa, kinachokatwa ni ngozi ya mwisho iliyobaki juu ya waya. Nikamwomba fundi kisu, nikalichana ubavu mara tatu, ndipo nikamwachia.